Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mambo ya kale na vitabu vya skuli: Mpeni Mwana Fatuma uso

Kikwajuni, Unguja

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya makumbusho, mambo ya kale na vitabu vya skuli, Unguja na Pemba.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: MICHORO YA WATU WALIOSAHAULIKA KATIKA HISTORIA YETU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, naomba kwanza radhi kwa kuyaleta haya hadharani. Nilivyolelewa mimi, mtu akiwa na neno na mkubwa wake humwendea faragha, akabisha hodi, akakaa akangoja. Nimefanya hivyo. Barua yangu ya kwanza, ya kuomba watu hao wachorwe, niliipeleka kwa mkono, ikagongwa mhuri wa kupokelewa pale masjala, na nakala yake ninayo. Ya pili niliambiwa ipo mezani kwa bwana mkubwa. Ya tatu niliambiwa faili halionekani. Mara nne nimekaa kwenye benchi la ukumbini, na siku moja nilikaa tangu saa mbili za asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kila nikienda hurudi na maneno yale yale: "Mwalimu, tumekusikia, tutakupigia." Tangu hapo simu yangu sijaizima hata usiku.

Mimi ni mwalimu wa kuchora. Nilisomesha skuli za serikali mpaka nikastaafu, na sasa kila Jumamosi huwakusanya watoto wa mtaani barazani kwangu, kila mmoja na penseli yake. Wao ndio walioniandikisha barua hii.

Jumamosi moja niliwataka wamchore Mwana Fatuma. Niliwahadithia kwanza kwamba kabla ya masultani wa Kiomani kuhamia hapa, Unguja ilikuwa na watawala wake wenyewe, na mmoja wao, mwishoni mwa karne ya 17, alikuwa mwanamke. Nikawaambia kwamba Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa, kuanzia 1696, yeye alikuwa upande wa Wareno na akawapelekea chakula kwa vyombo vya baharini. Ngome ilipoanguka mwaka 1698 akachukuliwa yeye mwenyewe mpaka Maskati, akakaa huko uhamishoni miaka, kisha akarejeshwa kwao. Watoto walisikiliza mpaka mmoja akasahau ashikirimu mkononi ikamyeyukia. Kisha wakainama kuchora.

Walikuwa tisa. Sita walimchora mwanamke mweupe, nywele za manjano zimeteremka mpaka kiunoni, taji la ncha tano kichwani na gauni limefura kama mwavuli. Mmoja alimvisha kanga na miwani ya jua. Wawili waliacha karatasi tupu. Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini, akanijibu bila ya kuinua uso: "Mwalimu, sijamuona popote."

Kasema kweli, na mimi sikuwa na la kumjibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Watoto wetu wanazijua sura za wageni, za kwao hawazijui.

Mwoneshe mtoto wa darasa la sita picha ya Livingstone, yule mvumbuzi wa Kizungu, na kofia yake, atakutajia jina kabla hujamaliza kuuliza. Stanley pia, na pengine Burton na Speke, wavumbuzi wenzake. Sura zao zimo vitabuni, zimo kwenye mabango ya watalii, na nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sasa muulize mtoto huyo huyo habari za Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alitekwa udogoni, akauzwa Kilwa, akavushwa bahari mpaka Gujarat, India. Alipoupata uhuru wake akarudi Unguja. Mwaka 1857 aliondoka na Burton na Speke, wakafika Ziwa Tanganyika. Akaondoka tena na Speke na Grant kwenda kulitafuta chimbuko la Mto Naili. Mwaka 1871 akawa na Stanley. Mwaka 1873 akatoka Bagamoyo na mvumbuzi mwingine, Cameron, na mwaka 1875 wakatokea upande wa pili, bahari ya Atlantiki. Bara zima kalivuka kwa miguu! Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Alifariki 1885. Michoro yake iliyopo ilichorwa na wageni kwa ajili ya vitabu vyao. Sisi hatujamchora. Bara analijua yeye, lugha anazijua yeye, mizigo na wapagazi wako mkononi mwake, na katika kumbukumbu zetu amebaki nyuma ya bega la mgeni.

Yupo na Halima, ambaye hata hilo bega la kusimama nyuma yake hakulipata. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Mzee yule alimlalamikia kuwa ni mkorofi, akamsifu kwa kazi, na akaandika katika shajara yake kwamba wakifika Unguja atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani. Livingstone akafa mwaka 1873, Unguja hajaiona tena. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, mpaka Bagamoyo. Hao wawili angalau hutajwa. Mimi nimemchora Halima mara tatu. Mara mbili nilimchora na sufuria, kama mtu yeyote angelivyofanya. Mara ya tatu nilimchora amekaa ndani ya ile bustani aliyoahidiwa, miguu imenyooshwa, mgomba nyuma yake. Chini nikaandika wazi kwamba hii ni ahadi tu, sijui kama aliipata. Mchoro huo ndio watoto wanaoutaka kuutazama kila Jumamosi. Wanauliza maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyauliza nilipokuwa nasomesha: mtu mmoja anaahidi kumkomboa mwenzake, kwani nani alikuwa na haki ya kummiliki?

2. Tunawasimulia wafu wetu kama kichekesho.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga kasri ya sultani ya pwani. Haikuisha hata saa moja. Upande wetu watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wao alijeruhiwa baharia mmoja. Pitieni Forodhani jioni mkasikilize wanavyosimuliwa watalii: vita vifupi kuliko vyote duniani, kisha kicheko. Picha za jengo lililobomoka zipo tele. Ya aliyekuwemo ndani siijui hata moja. Hapo sidai jina, maana majina mengi hayapatikani tena. Nadai mtu. Mtumishi amesimama kwenye ngazi anasikia mlio wa kwanza, basi.

Anayesema picha hazina nguvu aende Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Zile sanamu za watu watano ndani ya shimo, mnyororo wa chuma cha kweli shingoni, zilichongwa na Clara Sörnäs kutoka Uswidi mwaka 1998. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Watoto wanaopiga kelele tangu kwenye daladala hunyamaza wakifika ukingoni mwa shimo. Namshukuru aliyechonga. Lakini nauliza kwa heshima, je, kuna mchongaji au mchoraji wa hapa aliyewahi kuitwa na ofisi zenu akapewa kazi ya namna ile?

3. Pemba imeachiwa mawe tu.

Mwanafunzi wa Chake Chake akipelekwa Pujini huoneshwa kuta zilizobomoka na kisima, huku majani yakimfika magotini. Mwalimu anamwambia hapa alikaa mtawala Mkama Ndume, katika karne ya 15. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa mkatili, watu wakibebeshwa mawe ya kujengea huku wakijiburura kwa makalio. Husimulia pia kwamba kisima kilikatwa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane. Kwa hadithi kama hizo, nani asingelipenda kuchora? Lakini hakuna hata ubao mmoja unaomsaidia mtoto kuiona ngome ikiwa nzima, watu wanaingia na kutoka, wake wawili kila mmoja na ndoo yake na ukuta katikati. Anarudi nyumbani na vumbi la viatuni. Ras Mkumbuu ni hivyo hivyo, na Chwaka ya Tumbe kwenye magofu ya Haruni ni hivyo hivyo. Wapemba wamezoea kuambiwa zamu yao inakuja.

4. Picha ya uongo imeanza kuziba pengo.

Kuna kijitabu nilikishika mwenyewe mkononi, kimetolewa kwa ajili ya wanafunzi. Sikitaji wala simtaji aliyekitoa. Kina "malkia wa Unguja" mwenye mkufu wa dhahabu unene wa kamba ya ngalawa, amevaa kanga, na nyuma yake mji wa mawe umejaa maghorofa. Vidole vya mkono wa kulia nimevihesabu, ni sita. Nilipoulizia ofisini, kijana mmoja mwenye adabu sana aliniambia: "Mwalimu, siku hizi hatuhitaji mchoraji, akili mnemba inachora bure kwa dakika moja." Sina ugomvi na mashine, hata mjukuu wangu anaitumia. Lakini mashine ile haimjui Mwana Fatuma. Imekusanya kila malkia iliyewahi kuoneshwa, ikamtupia kanga juu kwa kuwa iliambiwa Zanzibar. Wale watoto wangu sita walifanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao hawakuchapishwa.

5. Kazi ya mchoraji haithaminiwi.

Hili linanihusu mimi mwenyewe, nitalisema kwa ufupi. Pamoja na barua ya pili nilipeleka michoro kumi na minne, asili, si nakala. Hilo ni kosa langu, nakiri. Baada ya miezi saba nilirejeshewa mmoja. Ulikuwa wa Mwana Fatuma, amesimama pwani, mtepe, kile chombo cha kale cha tanga, nyuma yake. Juu ya bega la kushoto pamekaa duara la kahawia, sawasawa na kitako cha gilasi ya chai, na tone moja limeteremka kutoka kwenye duara mpaka kwenye tanga. Mtu alikunywa chai juu yake. Sijui nani, na wala sitaki kujua. Kumi na mitatu mingine bado iko huko.

Sasa, najua mtakayoniambia, kwa sababu yote nimeshaambiwa ukumbini.

Mtasema hamna pesa. Mchoro unataka karatasi nene, wino, rangi za maji, na mtu wa kukaa nyarakani Kilimani siku kadhaa. Mimi nimehudhuria semina zenu mbili kuhusu kuhifadhi urithi. Sambusa zilikuwa nzuri. Sitaendelea.

Mtasema hatujui walifananaje, kwa hiyo kuwachora ni kusema uongo. Hoja hii ni nzito, na nataka tuikalie.

Nilipoanza kumchora Mwana Fatuma nilidhani kazi itakuwa uso. Uso ulikuja mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta. Nilichora kanga, nikafuta, kwa sababu kanga ilikuja karibu miaka 200 baada yake. Nikachora mkarafuu nyuma ya nyumba, nikafuta, karafuu zililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, ni ya 1883, haimo. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya yeye kuondoshwa, nayo haimo, na kwenye kiwanja kile kile nikaweka kanisa dogo la Wareno, maana ndilo lililokuwapo. Darajani nikapajaza maji, kwa sababu bahari ilikuwa ikiingia pale na kuutenga mji na upande wa pili, ndiyo Ng'ambo ikaitwa Ng'ambo na ndiyo pakahitaji daraja. Nilipomaliza kufuta nilikuwa nimebaki na ufukwe, minazi, mikoko na nyumba chache. Nilikaa nikautazama ule uwazi. Nimezaliwa hapa, nimesomesha hapa, na sikuwa nimewahi kuiona Unguja isiyokuwa na karafuu.

Kisha nikaanza kurudisha. Mtepe niliuweka bila ya wasiwasi, ubao umeshonwa kwa kamba za makumbi, hauna msumari, tanga lake la mkeka. Siwa, baragumu kubwa, niliiweka, maana watawala wa pwani hii walipigiwa siwa, na siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji wa Dunga, zimehifadhiwa katika makumbusho yetu. Nguo nilimpa ya Gujarat, biashara ya vitambaa vya huko ilikuwa imetanda pwani nzima kwa karne nyingi. Nilipofika miguuni nikakwama siku mbili: viatu au miguu mitupu? Nikauliza wazee, nikasoma nilichoweza, mwishowe nikaiteremsha nguo mpaka ardhini ikafunika. Hapo ndipo sijui, na mchoro wangu unaonesha kwamba sijui.

Kwa hiyo, waheshimiwa, anayeandika "hapo zamani kulikuwa na malkia" hahitaji kujua chochote kuhusu miguu yake. Mchoraji hana njia ya kukwepa, kila pembe ya karatasi inamdai jibu. Uso ndio niliobuni, naam. Niliuchora wa mtu mzima, aliyechoka kidogo, mwenye macho ya mtu anayehesabu vyombo baharini. Kando ya mchoro niliandika safu mbili kwa wino: haya yanajulikana, haya nimeyakisia. Mtoto wa miaka kumi anaisoma bila ya taabu. Hakuna mtoto anayedhani nilimpiga picha kwa simu.

Mtasema wengine wanazo picha, tuanze na hao. Sawa, tuanze na Siti binti Saad. Picha yake tunaijua sote, yule mwimbaji wa taarab aliyekwenda mji wa Bombay, India, mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini picha ile ni ya mtu aliyekwisha kufika. Siti wa kabla ya hapo, aliyeitwa Mtumwa, msichana wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, anayetembea na vyungu kichwani akivinadi kwa sauti ambayo baadaye ingelijaza ukumbi, hakupigwa picha na mtu. Nani angelimpiga picha muuza vyungu? Kalamu pekee ndiyo inayoweza kurudi nyuma ikamkuta njiani. Nimemchora kwa nyuma, kichwa kimenyooka, vyungu vitatu, na mdomo hauonekani. Watoto wote waliuliza anaimba nini.

Mtasema dini. Hili sitaki kulipita haraka, kwa kuwa nami nasali na nimelelewa na babu ambaye hakuruhusu picha ya kiumbe ukutani. Sitoi fatwa, si kazi yangu. Nasema tu kwamba vitabu vya sayansi mnavyotugawia vina picha za watu kuanzia ngozi mpaka utumbo, na hakuna aliyevirudisha. Tena mchoraji mwenye adabu anajua mipaka. Mitume na masahaba hatuwagusi, wala simjui mwenzangu yeyote hapa anayefikiria kuwagusa. Na kwa masheikh na mashairi zipo njia nyingine. Chukueni Kamange na Sarahani, wale washairi wawili wa Pemba waliojibizana kwa beti katika karne ya 19. Mchoro wangu wa hao wawili hauna uso. Una baraza, vikombe viwili vya kahawa, buli la shaba katikati, na mikono miwili: mmoja umeinuliwa, mtu amefika kwenye kina cha mwisho, na wa pili umeshika goti, mwenyewe anangoja zamu yake. Nilimwonesha jirani yangu, ambaye ni imamu. Alicheka akasema: "Huyu wa kushoto ndiye anayeshindwa." Aliijuaje mikono?

Mwisho mtasema, na hili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba historia yetu ina vidonda na ukimchora huyu watauliza kwa nini hukumchora yule. Mwana Fatuma mwenyewe aliwasaidia Wareno, ataingiaje kwenye kitabu cha skuli? Aingie hivyo hivyo, na Wareno wake. Mimi sikumchora ili asifiwe. Mkama Ndume nitamchora na mawe yake na watu wanaojiburura. Mkiogopa maswali ya watoto, basi tatizo halikuwa picha tangu mwanzo.

Kwa heshima kubwa, ninachoomba ni hiki.

Kwanza, ofisi zenu ziunde kamati ndogo ya kazi, si ya vikao: mtu wa mambo ya kale, mtu wa nyaraka, mwalimu wa historia, mchoraji, sheikh mmoja, na mzee wa mahali panapohusika. Ianze na watu wachache tu, Mwana Fatuma, Sidi Mubarak Bombay, Halima, Siti wa vyungu, na Kamange na Sarahani. Wakikamilika hao ndipo tuzungumze wengine.

Pili, kila mchoro uchapishwe na zile safu mbili, yanayojulikana na yaliyokisiwa. Bila ya hilo mimi mwenyewe siutaki.

Tatu, Pujini, Ras Mkumbuu na Chwaka ziwekewe mabao ya michoro, na wachore Wapemba. Vijana wapo. Wengine sasa hivi wamekaa Nungwi na Forodhani wanachora Wamasai wembamba wekundu na machweo ya jua, picha mia kwa mkono mmoja, kwa kuwa ndizo mgeni anazonunua. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Wapeni kazi nyingine.

Nne, jina la mchoraji liandikwe chini ya kazi yake na alipwe. Na kitabu chochote kitakachotumia picha ya mashine kuonesha mtu wa historia yetu kiseme hivyo waziwazi.

Tano, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watoto wamekosa pahala palipokuwa na hata mtepe wa kuutazama. Yapo madarasa yenye kuta nyeupe Unguja nzima na Pemba nzima. Michoro mikubwa ya karatasi ikizunguka skuli kwa skuli haihitaji jengo la sultani.

Sita, nijibiwe kwa maandishi. Jibu likiwa hapana, liwe hapana yenye saini.

Kuhusu ile michoro kumi na mitatu: imo ndani ya bahasha kubwa ya kaki, imefungwa uzi wa katani, jina langu liko nyuma ya kila mmoja kwa penseli, pembe ya chini kulia. Nikiitwa nitakuja kuichukua mwenyewe, na benchi nalijua. Wa kumi na nne sikuufuta lile duara, chai haitoki kwenye karatasi ya namna ile. Nimeutundika barazani kama ulivyo. Jumamosi iliyopita yule mtoto aliyeniachia karatasi tupu aliutazama muda mrefu, kisha akaomba penseli. Amemchora Mwana Fatuma anateremka kwenye mtepe, siku aliyorudi kutoka Maskati. Nyuma yake hakuna kitu ila minazi. Bega la kushoto kalitia duara.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa kuchora,
Kikwajuni, Unguja

Nakala: Walimu wa historia, skuli zote za Unguja na Pemba.
Nakala: Masjala, kwa ajili ya lile faili lisiloonekana.